Tela la shambani: nikate nyuma ya Hilux, ninunue nyuma ya Land Rover 109, au nichomelee jipya?

MlimaViazi (Njombe)

Wakuu, salaam. Nina Prado ya zamani ya dizeli ambayo bado inadunda. Nina pia Hilux ya 1992, kabini moja, 4x4, injini 3L, imelala nyuma ya nyumba tangu bloku ipasuke. Sakafu ya kabini imeoza lakini kadi ya gari ipo. Nataka tela la kutolea viazi shambani mpaka barabara ya lami, na msimu wa parachichi libebe kreti. Njia ni udongo mwekundu, na kuna mteremko mmoja mkali kabla ya daraja. Mvua ikinyesha hapo kila mtu anakumbuka dini yake.

Mawazo yaliyopo mezani:

Kwanza, nikate hiyo Hilux, nitumie nyuma yake kama ilivyo na bodi lake.

Pili, kuna jamaa Makambako ana nyuma ya Land Rover 109 Series III imeshakatwa. Anataka laki tisa, hashuki.

Tatu, fundi wa hapa mtaani anasema niachane na mabati ya kizamani, yeye anichomelee tela jipya la skwea paipu, mimi nilete ekseli tu.

Mzigo ni gunia kumi za viazi, na nikisema gunia simaanishi lumbesa. Naomba tulinganishe kwa hoja, tusiambiane "Toyota ni Toyota".

FundiSkwea (Mbeya)

Mkuu, anza na ekseli, bodi liache liwe la mwisho kufikiria. Bodi la Hilux ya umri huo limeshaliwa na kutu pembeni mwa madigadi, hilo utalitupa tu. Mali uliyonayo ni ekseli, springi, na kile kipande cha chesisi kinachoshika springi. Kiwandani walishapima vishikio vikakaa sambamba. Kwenye tela la kuchomelea jipya hapo ndipo balaa huanzia: springi moja ikikaa mbele ya mwenzake hata kwa sentimita moja, tela linavutwa kiupande na tairi zinaisha upande mmoja kabla hata ya mavuno.

Ila usikate mgongoni mwa kabini. Kata mbele zaidi, usawa wa ukingo wa mbele wa mlango, ubaki na boriti mbili ndefu, maana hizo ndizo mkono wako wa kuvutia. Pita kidogo mbele ya kishikio cha mbele cha springi, utoe kabari ya V upande wa ndani wa kila boriti: kata ukuta wa ndani, wa juu na wa chini, ukuta wa nje uache mzima uwe bawaba. Funga mnyororo, vuta boriti zikutane mbele kama herufi A. Kabari ikijifunga, choma, kisha bandika juu yake pleti ya milimita 6 iliyokatwa umbo la almasi. Usiweke pleti ya mraba. Mchomeleo ukipita wima kutoka juu hadi chini ya boriti, ndipo boriti itakapopasukia.

Rodi za kuchomelea tumia 7018 zilizokaa pakavu. Na kibano cha ethi (waya wa kurudishia umeme) cha mashine kifunge karibu na unapochoma, usikiweke kwenye habu wala kwenye rimu. Umeme ukipita ndani ya beringi unaacha vidonda kwenye gololi zake, na miezi michache baadaye utalaumu beringi za dukani.

VumbiNyuma (Karatu)

Naheshimu Hilux, lakini 109 ina mambo mawili ambayo Hilux haina.

La kwanza ni bodi. Ni la aloi ya alumini, haliozi kama bati. Mimi navuta la namna hiyo kwenye vumbi la Karatu kila wiki na bodi bado lina rangi yake ya zamani. Ubaya ni kwamba hulichomelei kwa mashine ya kawaida ya mtaani. Likipasuka unapiga riveti.

La pili ni ekseli. Series III ndefu ina ekseli ya Salisbury, na gurudumu lake linakaa kwenye beringi zake mbili juu ya bomba la ekseli. Shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu, haibebi uzito. Unaichomoa, unarudisha flenji na kuziba tundu lake, unajaza beringi grisi, basi. Gurudumu linazunguka peke yake, difu (sanduku la gia katikati ya ekseli) limelala, hakuna oili ya kubadilisha.

Huyo jamaa wa Makambako usimpe hela kabla hujalala chini ya hicho kipande na nyundo ndogo. Chesisi za Series huoza kutoka ndani. Gonga boriti ya nyuma kabisa, kisha gonga kuzunguka vishikio vya springi. Penye chuma kizima panalia, na penye kutu pananyamaza au nyundo inazama. Ikizama kwenye vishikio, laki tisa ni bei ya alumini tu.

MlimaViazi

Asanteni. VumbiNyuma, hilo la kuchomoa shafti limenifurahisha. Basi hata kwenye Hilux nitachomoa nilifanye difu lilale, tela liwe jepesi kuvuta. Au?

DifuLaNyuma (Iringa)

HAPANA mkuu, simama hapo hapo!

Hilux yako si Salisbury. Kwenye ekseli ya nyuma ya Hilux, rimu inafungwa kwenye shafti yenyewe. Beringi ni moja kila upande, imepigwa presi kwenye shafti, na inashikiliwa na pleti yenye bolti nne nyuma ya drami ya breki. Kwa ndani, ncha ya shafti imeegemea meno ya difu. Kwa hiyo uzito wa tela unabebwa na shafti. Ukichomoa shafti umechomoa na gurudumu.

Kuna wajanja wanaoacha shafti na kutoa difu lenyewe ili kupunguza kilo. Hapo ncha ya ndani inabaki inaning'inia haina pa kuegemea, beringi moja ya nje inabeba kazi ya mbili, na haichukui muda inakufa. Difu liache mahali pake. Fungua propela shafti (ile inayoleta mzunguko kutoka giaboksi hadi difu), bolti nne, lakini flenji ya difu na nati yake kubwa usiiguse, kwa sababu ndiyo inayokaa kwenye sili. Ukiiondoa, oili itamwagika na vumbi litaingia.

Kisha itunze kama ekseli ya gari inayotembea: oili ya gia ifike usawa wa tundu la kujazia, na tundu dogo la kupumulia juu ya ekseli lisizibwe na tope. Tundu hilo likiziba, ekseli ikipata joto presha inasukuma oili ipite kwenye sili za pembeni, inaingia kwenye drami, na breki zinakuwa za mafuta.

Ndiyo, utavuta uzito wa difu ambalo halifanyi kazi, na linakula nguvu kidogo kwa sababu meno yanazunguka kwenye oili. Kwa safari za shamba hutalisikia.

VumbiNyuma

Sahihi kabisa. Ndiyo maana nikasema Salisbury, sikusema ekseli yoyote.

KaptenTrela (Nakuru)

Habari zenu majirani. Hapa kwetu nimetengeneza trela za aina zote mbili, na mimi niko na huyo fundi wa mtaani wako. Chukua ekseli na springi za Hilux, lakini fremu unda mpya.

Sababu yangu ni uzito. Nyuma ya Hilux na bodi lake, difu lake, chesisi na zile boriti ndefu ni kilo nyingi kabla hujatupia hata kiazi kimoja. Ongeza gunia zako kumi, hiyo ni tani moja ya mzigo peke yake. Ulaya trela isiyo na breki hairuhusiwi kuzidi kilo 750, na hiyo kilo 750 ni pamoja na trela yenyewe. Wewe unataka karibu mara mbili ya hapo, tena kwenye mteremko wa matope! Kila kilo utakayotoa kwenye chuma ni kilo ambayo breki za Prado hazitalazimika kuisimamisha.

Jambo la pili ni karatasi. Huku Kenya trela inasajiliwa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na inapata namba yake inayoanza na Z. Ukifika na nusu ya gari, swali la kwanza ni "nusu nyingine iko wapi?" Kwenu sijui mnafanyaje.

FundiSkwea

Kwetu tela linasajiliwa TRA kama magari mengine. Hapo KaptenTrela ana hoja, na kwa Hilux kuna mtego: namba ya chesisi imegongwa kwenye boriti ya kulia kule mbele, karibu na gurudumu la mbele. Ukikata, namba inabaki na kipande unachopeleka kwa wauza chuma chakavu, na tela lako linabaki bila jina. Mkuu, nenda TRA na kadi yako KABLA ya kukata. Waeleze unataka kufanya nini na gari hilo, wakupe utaratibu. Ukishakata, maelezo yako yatafanana na ya mwizi hata kama gari ni lako tangu likiwa jipya.

Kuhusu uzito sikubaliani sana. Skwea paipu ya milimita 3 ya kutosha kubeba tani kwenye mashimo ya Njombe nayo si unyoya. Mafundi wanapunguza unene ili bei ishuke, na hicho ndicho kinachopasuka.

MamaKreti (Rungwe)

Mafundi mmejaa chuma kichwani, naomba niongelee mzigo.

Kaka MlimaViazi, viazi vinavumilia, parachichi halivumilii. Springi za pikapu zimepangwa kubeba mzigo mzito na uzito wa gari. Zikiwa na nusu mzigo zinarukaruka, na parachichi likifika mnunuzi analibonyeza, anaona limepondeka kwa ndani, anakukata bei au analirudisha. Mimi kwenye tela letu tuliondoa majani mawili ya chini ya springi kila upande, yale mazito, tukaacha shokapu zake za Hilux zifanye kazi. Watu wengi wanazitupa shokapu wakikata. Msizitupe.

La pili, bodi la Hilux lina madigadi ndani. Kreti haikai juu ya digadi, inakaa katikati tu, kwa hiyo nusu ya upana wako ni hewa. Kabla ya kuamua, chukua kreti zako halisi, zipange ndani ya hilo bodi lililolala nyuma ya nyumba, uhesabu. Utaelewa kwa nini nasema toa bodi, weka sakafu tambarare juu ya tairi, na kuta za kufungua pande tatu. Vijana watapakia kutoka pembeni bila kupanda juu na kukanyaga matunda.

Land Rover nayo ina masanduku ya tairi ndani, hata ikiwa alumini ya dhahabu.

VumbiNyuma

Dada MamaKreti, hapo sina jibu 😄 Lakini sakafu ikipanda juu ya tairi, mzigo nao unapanda. Tela la juu linapinduka kirahisi kwenye njia iliyochongoka upande mmoja. Apange viazi safu moja, ya pili iwe fupi.

MamaKreti

Kweli. Ndiyo maana kuta zetu ni fupi makusudi, asipatikane wa kushawishika kuweka safu ya tatu.

WayaMwekundu (Dar)

Hakuna aliyegusa taa, na ndizo zitakazokusimamishia trafiki kila siku. Taa za nyuma za Hilux toka nazo na vioo vyake, zinatosha. Nunua plagi ya pini 7 na ufunge hivi, ili hata siku ukiazima gari la mtu taa ziwake sawa: pini 1 indiketa ya kushoto, 2 taa ya ukungu (unaweza kuiacha), 3 ethi, 4 indiketa ya kulia, 5 taa ndogo ya kulia, 6 breki, 7 taa ndogo ya kushoto.

Pini 3 ndiyo roho. Vuta waya mnene wa ethi kutoka kwenye plagi hadi kwenye kila taa. Mafundi wengi wanaiacha ethi ipite kwenye chuma cha kuvutia. Pale pana grisi na vumbi, mgusano unakuja na kupotea, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine. Ndiyo unaona mtu anakanyaga breki na indiketa zinawaka hafifu. Ukiona hivyo usibadilishe balbu, tafuta ethi.

Indiketa za gari zikianza kwenda vibaya baada ya kuunganisha tela, ni flasha (kifaa kinachofanya indiketa ziwake na kuzima) imeelemewa na balbu za ziada. Badilisha flasha, weka ya kuvutia tela.

Mpitanjia77

Nasubiri picha tu.

DifuLaNyuma

Turudi kwenye ule mteremko kabla ya daraja, maana sioni mtu akiujibu.

Tani na nusu nyuma ya Prado kwenye udongo mbichi: ukikanyaga breki, Prado inapunguza mwendo, tela halina habari. Linasukuma nyuma ya gari, na gari likiwa limekaa upande kidogo linajikunja. Faida kubwa ya kutumia ekseli ya Hilux, kuliko hiyo ya KaptenTrela ya kutengeneza yote upya, ni kwamba drami na silinda za breki tayari zipo. Usizitupe.

Njia ya kawaida ni kichwa cha kuvutia kinachoteleza. Tela likisukuma gari, kichwa kinaingia ndani na kukandamiza masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) iliyofungwa kwenye mkono wa tela. Breki za tela zinashika zenyewe kwa kadiri linavyosukuma, hazihitaji bomba lolote kutoka kwenye Prado. Ukirudi nyuma nalo linasukuma vilevile, kwa hiyo weka pini ya kuzuia kichwa kisiingie unaporivasi, na ukumbuke kuitoa. Waya za hendibreki za Hilux zifunge kwenye mkono wake wa zamani, uwe na kitu cha kuvuta tela likiachwa peke yake kilimani. Jiwe chini ya tairi si hendibreki.

Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya kichwa cha tela. Kichwa kikichomoka kinaangukia kwenye minyororo, hakichimbi barabara.

KaptenTrela

Hilo la drami nakubali, na ndiyo sababu nilisema ekseli ya Hilux pia. Ninachokataa ni bodi na chesisi tu. Ukitaka kubaki na boriti kwa ajili ya vishikio vya springi, sawa, baki nazo, lakini bodi toa.

MlimaViazi

Wakuu nimefuatilia yote. Jana nimepanga kreti ndani ya bodi la Hilux kama alivyosema MamaKreti, na kweli, zilizobaki nje ni nyingi kuliko zilizoingia. Bodi linatoka. Nyundo nimeipitisha kwenye chesisi: kutu kali ni mbele, kwenye kishikio cha injini, huku nyuma panalia vizuri.

Land Rover nimeiacha, na sababu iliyonimaliza ni ndogo: rimu zake ni za bolti tano, milimita 165.1. Hilux na Prado yangu zote ni bolti sita, 139.7. Nikiwa na Hilux, spea ya Prado itaokoa tela na ya tela itaokoa Prado. Kubeba spea mbili tofauti porini sitaki.

Kwa hiyo: chesisi ya Hilux, ekseli na difu lake, drami zake, sakafu tambarare na kuta fupi. TRA naenda wiki ijayo, grainda haitaguswa kabla ya hapo. Kuna jambo moja sijalipata. Ekseli ya pikapu iko karibu katikati ya bodi. Tela halitakuwa linainua nyuma ya gari?

FundiSkwea

Swali zuri. Uzito ukilala nyuma ya ekseli, kichwa cha tela kinainua mgongo wa gari, na ukifika mwendo wa lami tela linaanza kutikisa mkia. Likishaanza, si rahisi kulituliza. Unataka kichwa kibonyeze chini kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote wa tela na mzigo. Tela la kilo 1,400 ni kama kilo 70 hadi 140 pale kwenye gololi ya kuvutia tela, na angalia kitabu cha Prado kinaruhusu kiasi gani.

Huhitaji mzani wa kisasa. Mzani wako wa kuning'iniza wa magunia unatosha. Pakia mzigo, egesha tela sehemu tambarare, ning'iniza kichwa kwenye mzani kwa urefu ule ule wa gololi ya Prado, soma. Ikiwa ndogo, sogeza sakafu mbele kabla hujaichomelea moja kwa moja. Kwa hiyo sakafu ishike kwanza kwa bolti, ukamilishe baada ya kupima.

Na urefu wa mkono wa kuvutia: Prado yako ina spea mlangoni nyuma. Pima mlango ukiwa wazi kabisa, spea ikiwa juu yake, ipite bila kugusa tela, hata gari likiwa limekata kona. Mkono mfupi unakufanya tela lijikunje haraka ukirudi nyuma. Kwa boriti za Hilux zilizokatwa usawa wa mlango utabaki na urefu wa kutosha. Usikubali fundi akushauri kuzipunguza ili kuokoa chuma.

MamaKreti

Na ukuta wa nyuma uwe wa kutoa kabisa, usiwe wa bawaba. Wa bawaba ukining'inia unafunika taa zote za WayaMwekundu.

WayaMwekundu

Haswa. Au hamisha taa chini ya sakafu, kwenye boriti ya nyuma, na uzizungushie kikinga cha anglaini, maana vijana wakipakua huwa wanazipiga teke.